Tuko na Mtu wa Ziwa

Wewe msomaji uliweka gazeti chini wiki iliyopita ukaenda zako kula chapati. Obiero tulimwacha amesimama kwenye ncha ya boti katikati ya bwawa, shati mkononi. Bado yuko palepale. Tumwendee haraka kabla hajaanguka bila sisi.

Kwa aliyechelewa, mambo ni haya. Nanga imenasa chini ya bwawa. Nahodha Nyambeki amesema mtu azame akaitoe. Na wote waliomo botini wamemgeukia Obiero, kwa sababu Obiero ni Mjaluo, na hapa Kedowa kila mtu anajua kwamba Mjaluo huzaliwa akiogelea.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Obiero alizaliwa na kulelewa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa majani chai, huku mlimani, ambako maji mengi kuliko yote yalikuwa ndani ya pipa. Ziwa alilipitia mara moja akiwa mtoto, walipokwenda kumzika babu yake, na gari lilipolifikia yeye alikuwa usingizini.

"Obiero, nangoja," akasema Nyambeki.

Nyambeki ni binti wa Kaplong aliyekwenda Kilifi kutafuta kazi ya hoteli, akarudi na cheti cha unahodha. Sasa amekabidhiwa boti kubwa ya matanga, aivushe Bahari ya Hindi hadi Sri Lanka, na mwenye boti amemruhusu achague mabaharia wake mwenyewe. Badala ya kuchagua watu wa Pwani, akaja nyumbani kuchukua marafiki aliosoma nao. Wamekuwa wakifanya mazoezi kwenye bwawa hili, kwa kiboti cha mbao chenye tanga la turubali. Kesho wanaondoka kwenda Pwani.

"Kuna mambo ya kwetu, Kapteni," akasema Obiero. "Mjaluo haingii maji ya watu hivi hivi. Lazima mwenye maji amkaribishe."

"Mwenye maji ni nani?" akauliza Duke, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Wenyeji. Wakipsigis."

Wote wakamgeukia Maritim, dereva wa trekta, Mkipsigis pekee botini. Huyu aliingia safarini kwa bahati ya jina. Mwenye boti, Mzungu wa mbali, aliona jina Maritim kwenye barua pepe akashangilia, maana kwa lugha yake linakaribiana na neno la mambo ya bahari. Akadhani amepata ukoo wa mabaharia. Ukoo wa Maritim unajua ng'ombe.

Lakini Maritim ni mkarimu kupita kiasi. Hakungoja kuombwa mara mbili.

"Karipu," akasema kwa lafudhi ya kwao, akinyoosha mkono kuelekea majini. "Karipu sana, Opiero. Ingia, jisikie nyumpani."

"Inatakiwa mzee," akasema Obiero haraka.

"Mimi ni first porn kwetu," akasema Maritim. "Ingia tu."

Duke akachoka. "Bana, unatuchelewesha nini? Ruka, twende tukakule!"

Akapiga hatua moja mbele ili ampige Obiero begani, kwa nia njema kabisa. Duke ni mtu wa mwili. Kiboti kikainama upande huo kama meza iliyokatika mguu, na Obiero akaondoka na shati lake mkononi.

"Mamaaa!" Hilo ndilo neno la mwisho lililosikika. Kisha maji yakamfunika.

Huko chini Obiero hakuona nanga wala samaki. Aliona giza, na katika giza mkono wake ukapata kamba. Akaishika kwa nguvu zote za mtu ambaye hajaoa. Akavuta, akapiga mateke, akavuta tena, akiahidi mambo makubwa kanisani. Na nanga, ambayo ilikuwa jembe la zamani la trekta, ikachomoka topeni bila kuulizwa.

Upepo ukajaza turubali. Kiboti kikakimbilia ukingoni, kamba ikafuata kiboti, na Obiero akafuata kamba. Kilipogonga matete, yeye akaibuka nyuma yake amekumbatia jembe, nyasi za bwawa kichwani, akitema maji na kitu kingine kilichokuwa bado hai.

"Mmeona?" Duke akapiga kelele. "Mmeona huyo mtu? Hata hakutoka kupumua! Mjaluo ni Mjaluo!"

Maritim akapiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Obiero akasimama, akajifuta uso, na Mungu amsamehe, akaanza kuamini.

"Ilikuwa imeingia kwenye tope," akasema. "Nikaizungusha hivi, nikaiinua."

Nyambeki peke yake hakupiga makofi. "Mbona uliita mama?"

"Lini?"

"Ukianguka. Ulisema mamaaa."

"Ah, hiyo? Hiyo ni namna ya kuvuta pumzi, Kapteni. Kule ziwani wote wanafanya hivyo."

Uongo huo ungepita. Lakini mama aliyeitwa alikuwa amesikia.

Alitokea katikati ya majani chai, kikapu cha kuchumia bado mgongoni, akikimbia na kulia kwa sauti. Ni Mama Jerusa, mjane, na Obiero ndiye mtoto wake pekee. Asubuhi hiyo wenzake shambani walikuwa wamemwambia mwanawe amejiandikisha kwenye boti ya matanga. Huku kwetu matanga ni matanga. Mtu amefariki, hema limesimamishwa, majirani wanapika chai ya usiku.

"Nani amekufa?" akauliza akihema.

"Hakuna mtu amekufa, Mama," akasema Nyambeki.

"Na boti ya matanga ni ya kubeba nani?"

"Mama, hii turubali inaitwa tanga. Boti ikiwa nazo nyingi, ni boti ya matanga."

"Na mkakosa jina lingine?" Mama Jerusa akapangusa machozi kwa leso. Ndipo akamwona mwanawe, maji yakichuruzika kutoka kila mahali. "Wewe! Nani amekutia kwa maji?"

"Mama, twende nyumbani," akasema Obiero.

"Huyu? Huyu ndio mmetia kwa maji? Huyu alikuwa anatoroka beseni! Mpaka leo anaoga na kikombe!"

Maritim, aliyekuwa akiokota kofia, akaiacha.

"Ni kweli, Obiero?" akauliza Nyambeki.

"Mama hajaniona siku nyingi nikiwa..."

"Tunaishi nyumba moja," akasema Mama.

Obiero akamtazama Nyambeki, akatazama maji, akaona hana pa kutokea. "Ni kweli. Sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

Msomaji, usimhukumu haraka. Siku ile ya kwanza, mbele ya duka la Duke, Nyambeki aliuliza nani kati yao anayejua maji, na kila kidole kikamwelekea Obiero. Alikuwa karibu kukataa. Lakini Nyambeki alimgeukia akatabasamu, akasema, "Basi nikiwa na wewe sina wasiwasi." Obiero ni fundi wa umeme wa kiwanda cha majani chai. Watu humwita taa zikizimika na kumsahau zikiwaka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama lile, na aliyelisema ndiye aliyempenda kimoyomoyo tangu kidato cha pili. Akanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichomfikisha hapa.

Wa kwanza kulipuka alikuwa Duke.

"Buda, umeniua! Mimi nilikubali hii safari juu yako! Mke wangu aliniuliza, Duke, ukianguka baharini utafanya nini? Nikamwambia tulia, tuko na mtu wa ziwa!"

Nyambeki akageuka polepole. "Ngoja. Wewe Duke, unajua kuogelea?"

"Mimi? Mimi ni Mkisii, Kapteni, mimi ni mtu wa mlima! Nilimtegemea huyu!"

"Maritim?"

"Hapana," akasema Maritim kwa upole. "Lakini sikutanganya. Hakuna mtu aliniuliza."

Nyambeki akakaa chini kwenye nyasi. Alikuwa amebakiwa na siku moja, bahari moja, na wanaume watatu wa kuzama.

"Hii boti inaenda wapi hasa?" akauliza Mama Jerusa.

"Sri Lanka, Mama."

"Kuna nini huko?"

Nyambeki akasita. "Majani chai."

Mama akazungusha macho juu ya milima yote iliyowazunguka, kijani mpaka mwisho wa kuona, kisha akamwangalia kwa huruma.

"Mtavuka bahari yote hiyo," akasema, "kwenda kuona majani chai?"

Nyambeki akasimama, akajipangusa, akasema wote waende nyumbani. "Nitafikiria. Obiero, jioni utapata jibu langu." Akaondoka bila kumwangalia, na hilo lilimuuma Obiero kuliko maji aliyomeza.

*

Jioni hiyo ugali ulipoa mezani. Obiero alikaa akiitazama simu. Mama yake alikaa akimtazama yeye, huku moyoni akiomba aachwe. Tusimfiche msomaji, aliomba hivyo. Alishamzika mume, na hakuwa na mtoto wa akiba.

Simu ikalia. Ni Maritim, kutoka mahali penye upepo.

"Opiero?"

"Maritim! Sema."

"Kapteni amesema wewe pakia."

Obiero akaruka kitini. "Unasema?"

"Pakia! Pakia! Network ni mpaya. Sisi tunatoka kesho asupuhi, kwa tuka ya Tuk."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Nilikuwa hapo. Hata Tuk amelia."

"Duke amelia kwa ajili yangu?"

"Sana. Pole, ndugu yangu."

"Ah, maji yalishatoka masikioni. Asante, Maritim! Asante sana! Mwambie Kapteni sitamsahau maisha yangu yote!"

"Wewe uko na roho kupwa sana, Opiero," akasema Maritim, na sauti yake ilikuwa na kilio. Simu ikakatika.

"Amesema nini?" akauliza Mama.

"Nipakie."

"Upakie nini?"

"Mizigo, Mama! Naenda! Kapteni amenichukua!"

Mama Jerusa akashika meza. "Anajua hujui kuogelea?"

"Si umemwambia wewe?"

"Na bado anakuchukua?"

"Bado ananichukua."

Machozi yakamtoka Mama, akayaacha yatoke. Kisha akainuka, akafunga leso kiunoni.

"Basi huyo binti ana moyo," akasema. "Amekuona ulivyo na hajakutupa. Leta hiyo begi."

Mama Jerusa akishaamua jambo, laini nzima hujua. Kabla ya ugali kupashwa moto, majirani walishajaa mlangoni. Huyu ameleta omena iliyokaangwa, yule unga wa wimbi, mwingine ndizi za kuiva njiani. Mwingine alileta blanketi la harusi yake mwenyewe na kusema lirudishwe safi. Fundi seremala alileta mwavuli. Mtu mmoja alileta pakiti ya majani chai, akaulizwa kama ana akili.

Mama mwenyewe alitoa mtungi wa njano wa lita ishirini, mtupu, kifuniko kimekazwa. Akaufunga mgongoni mwa mwanawe kwa shuka, kama anavyobebwa mtoto.

"Hii usitoe," akasema. "Hata ukilala."

"Mama, nitachekwa."

"Chekwa ukiwa juu ya maji."

*

Asubuhi pickup ya kanisa ilishuka Kedowa ikiwa imejaa wanawake wa kwaya, na nyuma yake watu wakitembea kwa mbio. Mbele kabisa alisimama Obiero, suti ya rangi ya udongo, mwavuli mkononi, mtungi wa njano mgongoni. Mchungaji Omariba alishika biblia juu. Wimbo ulikuwa ule wa kuvuka mto na kufika ng'ambo, na waliuimba mpaka wauza viazi kando ya barabara wakaacha wateja.

Mbele ya duka la Duke lilisimama lori la kabichi lililokuwa likielekea Pwani. Juu ya kabichi walikaa Duke na Maritim. Nyambeki alikuwa chini akizungumza na dereva. Aliposikia kwaya, aligeuka, na uso wake ukabadilika.

"Duke," akasema kwa sauti ya chini. "Ni nini hii?"

Duke akaangalia umati, akaangalia mtungi, akajificha nyuma ya kabichi.

"Kapteni!" Obiero akashuka kwenye pickup na kupiga saluti. "Baharia Obiero amefika na mizigo!"

Kwaya ikapiga vigelegele, ikarudia wimbo kwa sauti ya chini. Mchungaji akaanza maombi bila kuombwa, akimshukuru Mungu aliyemchagua kijana wa laini zetu kati ya vijana wengi.

Nyambeki akainua macho juu ya lori. "Maritim. Jana ulimwambia nini huyu mtu?"

"Kile ulisema."

"Nilisema nini?"

"Apakie."

"Apakie, au abakie?"

"Ndiyo," akasema Maritim. "Apakie."

Mchungaji Omariba akafungua jicho moja. Nyambeki akavuta pumzi.

"Maritim, ndugu yangu. Apakie na mizigo, ama abakie na mama yake?"

"Apakie na mama yake," akasema Maritim, wazi kabisa. "Si ndio nilimwambia? Na alishukuru! Hata mimi nilishangaa."

Wimbo ulikufa mdomo mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja asiyesikia vizuri aliendelea kuvuka mto peke yake mpaka mtu akamgusa mkono. Sasa kila mtu pale barabarani aliangalia mahali pengine, viatu, anga, kabichi, popote isipokuwa kwa Obiero.

Obiero aliangalia mwavuli wake. Ndugu zangu, kuna aibu ya kuanguka majini na kuna aibu ya kuvaa suti. Hii ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimesikia," akasema polepole. Akaanza kufungua shuka kifuani, lakini fundo la mama halikufunguka. "Samahani, Kapteni. Samahani, watu wangu. Mrudishieni mwenye blanketi blanketi yake."

"Hebu kwanza," akasema Nyambeki. "Usidhani nimekuacha kwa sababu ya kuogelea. Hawa wawili hawajui pia, na wako juu ya lori. Kuogelea nitawafundisha Kilifi, mpaka mwote magamba. Nimekuacha kwa sababu nilisema nikiwa na wewe sina wasiwasi, na ukaniacha niamini. Huko katikati ya bahari nikikuuliza hii kamba imefungwa, nataka kweli. Ukinidanganya huko, tunakufa wote."

"Najua."

"Basi niambie sasa. Kuna kitu kingine umenificha?"

Obiero angeweza kusema hapana. Ingekuwa rahisi, na umati ungemsaidia. Akainua kichwa.

"Kiko," akasema.

"Ni nini?"

"Mimi na bahari hatuna undugu. Sitaki kuona Sri Lanka. Hata Mombasa sina haja nayo. Nilikubali hii safari kwa sababu unaenda wewe." Akaweka mwavuli chini. "Ungesema unaenda kuchimba choo Bomet, ningekuja na jembe."

Vigelegele vikalipuka upya, vikubwa kuliko vya kwanza. Duke akatokea nyuma ya kabichi. Mama Jerusa akashika mashavu. Mchungaji Omariba, kwa mazoea ya kazi, akatafuta ukurasa wa harusi.

Masikio ya Nyambeki yakawiva. Dereva akapiga honi. Nyambeki akamgeukia akamwambia angoje, kwa ukali ambao haukumhusu dereva hata kidogo.

"Panda," akamwambia Obiero.

"Nini?"

"Panda juu, kabla sijabadilisha. Lakini sikiliza vizuri. Kuanzia sasa, uongo mmoja tu, hata mdogo, hata wa kumfurahisha mtu, nakushusha hapo hapo. Iwe Nakuru, iwe katikati ya bahari."

"Hata wa kumfurahisha mtu?"

"Hasa huo."

"Nimekubali."

Sasa ilikuwa shangwe ya kweli. Omena ikapanda, unga ukapanda, blanketi la harusi likapanda pia, na mwenyewe akaliaga mara ya pili. Duke na Maritim wakanyoosha mikono kumvuta. Maritim alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Sasa umepakiwa, Opiero!" akasema. Obiero akaweka mguu mmoja kwenye tairi, mtungi ukagonga ubavu wa lori kwa mlio mkubwa.

Hapo ndipo alipohisi mkono wa Nyambeki kwenye kiwiko chake.

"Obiero, ngoja." Alisema kwa sauti ya chini sana, karibu na sikio. "Nimekudai kweli, na mimi nina yangu. Sio haki uende bila kujua."

"Sema."

"Nyinyi mtapewa tiketi ya ndege ya kurudi. Mimi sina. Mwenye boti amenipa kazi huko huko, ya kuongoza boti zake. Nimeshakubali. Sirudi huku Kericho, Obiero. Sio mwaka huu, na sijui kama ni mwaka wowote. Ulichosema hapo mbele ya watu, kama ulikisema kwa dhati, ujue kinakupeleka wapi."

Obiero alibaki vile alivyokuwa, mguu mmoja kwenye tairi, mwingine kwenye vumbi la Kedowa. Moyo ulimpasuka kwa ajili ya mama yake, kisha ukapasuka tena kwa furaha, kwa sababu Nyambeki hakusema usinifuate. Alisema ujue.

"Uko tayari ama nini?" akaita dereva.

Na kabla Obiero hajapata neno, watu walipisha njia. Mama Jerusa alikuwa akija, leso mkononi, uso umeng'aa, mdomo tayari kucheka. Alikuwa amesikia maneno ya mapenzi na hakuwa amesikia mengine. Alimpita mwanawe kwanza, akamshika Nyambeki mkono kwa mikono yake miwili.

"Nyathina, mwanangu," akamwambia. "Jana niliomba umwache nyumbani. Nisamehe. Leo nakupa huyu, ndiye niko naye peke yake."

Kisha akamgeukia Obiero, akamnyoosha kola ya suti, akakaza fundo la mtungi ambalo halikuhitaji kukazwa.

"Sina maneno mengi, baba. Nenda na amani. Niambie kitu kimoja tu, nikae nikihesabu." Akamwangalia machoni. "Unarudi lini?"

Kwaya nzima ikasogea ili isikie jibu. Nyambeki hakumwangalia Mama. Alikuwa anautazama mdomo wa Obiero.